Ukifika Kibondo, Mpe Mama Ufunguo

Shadia binti Salehe,
Mtaa wa Sokoni,
Kasulu.

11 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Lukmani,

Assalaam aleikum. Pokea salamu zangu kutoka huku milimani, na nakuomba ukae chini kabisa ndipo usome, usisome umesimama mlangoni na funguo mkononi kama ulivyozoea. Hali yako? Mgongo umepoa au bado unalala sakafuni? Wifi yangu Tunu yu mzima? Na yule kitinda mimba wenu, meno yameshaota au bado anatafuna vidole vya watu? Nijibu yote, moja moja, maana kwenye simu wewe ukishasema "tuko poa" ndiyo umemaliza.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baridi imepungua, sasa ni vumbi na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Goti langu la kushoto linalia kila nikipanda stoo, lakini nimeshalizoea. Mama yuko salama kule Kibondo, bado analima kiplot chake cha maharage na bado anabisha akiambiwa apumzike. Nilikuwa kwake Jumatano iliyopita. Nitakuja kwake baadaye, maana barua hii kwa sehemu kubwa inamhusu yeye.

Nimekukumbuka, Lukmani. Niseme hilo kwanza kabla sijaanza kugomba. Juzi nilikuwa nakunja vitenge dukani, nikakutana na kimoja cha rangi ya kahawia chenye ndege, kama kile alichokuwa akitufunika mama zamani, wewe ukilia kwamba nimekivuta chote upande wangu. Nikacheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka, mteja akadhani nimepata msiba mpya. Mwaka mzima sijakuona. Na ulipokuja mara ya mwisho hatukuzungumza, tulizika tu.

Sasa nigombe. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza, mimi na mwanangu Firdausi, tukiwa tunahesabu sahani za arusi yake. Umesema Alhamisi ya tarehe 28 ukitoka kazini unaingia kwenye gari, unakanyaga mafuta kutoka Tanga moja kwa moja, hulali, husimami, na Ijumaa alasiri uko Kasulu, ndoa ya mpwa wako isifungwe bila wewe. Ukamalizia kwa kicheko, eti mwaka jana ulitumia saa ishirini na tatu, safari hii utapunguza. Firdausi alicheka mwanzoni, akaniangalia usoni, akarudi kwenye sahani zake. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya duka nikakaa juu ya robota la vitenge.

Ningeweza kukupigia. Sikupiga kwa sababu ungeniambia "dada, acha woga," kisha ungeanza kunitania, na mimi ukinitania nasahau nilichotaka kusema. Tena kuna jambo ambalo mdomo wangu umekataa kulitoa mwaka mzima, nikaona labda mkono utakubali. Barua nimeikunja ndani ya kitenge cha Tunu, naye dereva wa basi nimemsihi kifurushi kikufikie mwenyewe.

Unakumbuka ulivyofika mwaka jana? Tulimchelewesha marehemu mume wangu Omary mpaka kesho yake alasiri ili uwahi kumzika. Uliposhuka kwenye gari, mguu wako wa kulia ulikuwa umevimba mpaka kiatu hakiingii, ukaenda makaburini na ndala za Omary. Macho mekundu, maneno yanakutoka nusu nusu. Na wale baba zetu wadogo, kabla hata hawajakupa pole, wakakuuliza umetumia saa ngapi. Ukawajibu. Wakatikisa vichwa kwa kukusifu, mmoja akasema huyu ndiye mtoto anayejua ndugu. Kwenye maziko ya mtu aliyeuawa na barabara, Lukmani, tukawa tunasifiana mwendo.

Huo ndio ugonjwa wa ukoo wetu. Mgeni hajaketi, hajanawa, tumeshamuuliza saa. Aliyekuja upesi anatupenda, aliyelala njiani ana mambo yake. Nimeufikiria sana ugonjwa huu mwaka huu, na nimeona kwamba sisi tunaosubiri nyumbani nasi tumo ndani ya gari.

Baada ya arobaini nilimfuata Mzee Haidari, yule jirani yangu aliyeendesha mabasi miaka thelathini na sasa anafuga nyuki. Nilitaka kujua tu Omary alisikia nini. Mzee alinikalisha, akanieleza bila kunificha. Alisema usingizi wa barabarani hauji kama wa kitandani, haupigi hodi. Mtu anaweza kuwa macho wazi, mikono juu ya usukani, na kichwa kimelala sekunde tatu au nne, akazinduka asijue kwamba alilala. Na kwa mwendo mnaokwenda nyie, sekunde nne ni urefu wa kiwanja kizima cha mpira, gari linakwenda peke yake.

Akaniambia mbinu zenu zote anazijua, alizifanya yeye mwenyewe ujanani. Kufungua dirisha, kupandisha redio, kutafuna pipi, kujipiga makofi, kunywa vile vinywaji vya kopo vinavyofanya moyo ubishe hodi. Vinakupa ujasiri, alisema, usingizi uko palepale unakungoja mbele. Dawa ya usingizi ni kulala, hakuna nyingine aliyoiona. Basi lina madereva wawili, lina abiria wa kupiga kelele wakitaka kushuka kujisaidia. Wewe kwenye kile kigari chako ni nani wa kukupigia kelele?

Na mguu wako ule uliovimba nilimwuliza pia. Hakucheka. Alimkumbuka mwenzake aliyefika salama kabisa na abiria wake wote, akazima gari, akashuka, akapiga hatua kama kumi pale stendi akaanguka. Madaktari walisema damu iliganda mguuni kwa kukaa bila kujinyoosha, donge likapanda likaziba mapafu. Kila saa mbili, alisema Mzee Haidari, mtu ashuke, alizunguke gari lake, anywe maji, atembee mpaka asikie miguu ni yake tena. Akichoka, asimame alale, hata kama kwake kumebaki kilomita tano.

Halafu akasema neno ambalo silisahau. Alisema zamani njia hii ya Kibondo hadi Kasulu ilipokuwa vumbi na mashimo hakuna aliyesinzia, shimo lilikuwa linakuamsha lenyewe. Tumeomba lami miaka yote, tumeipata, imenyooka, gari halitikisiki. Sasa barabara yenyewe inakubembeleza.

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Nimesimama hapa kuchemsha chai ambayo sikuinywa.

Omary alitoka Dar es Salaam Jumanne alasiri na mzigo wa duka. Alikuwa ameondoka nyumbani wiki tatu. Unanijua nilivyokuwa kwa mume wangu, akienda Kigoma mjini asubuhi, saa sita nimeshamwuliza anarudi lini. Usiku ule na asubuhi yake nilimpigia kila mji. Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, kila nikipiga amesogea, nami nafurahi kama mtoto. Sikumwuliza hata mara moja kama amelala. Nilimwuliza umefika wapi, hilo tu.

Saa saba mchana akanipigia yeye, kutoka Kakonko. Sauti ilikuwa nzito, anayavuta maneno. Akasema macho yanamwasha kama yametiwa mchanga, halafu akaniuliza: "Shadia, nijinyooshe kidogo kwa mama hapo Kibondo?"

Kwa mama ni barabarani kabisa, wala hakuna pa kukunja kona. Lakini unamjua mama na magari ya watu. Ukiingia uani kwake anakupokea kwa bashasha, anakuomba ufunguo eti autazame, anaufunga kwenye pindo la kanga yake, basi, umeshakuwa wake mpaka kesho. Atachinja kuku, atakutandikia, na ufunguo utauona asubuhi ukishakunywa uji. Na mkwe ndiyo kabisa, mkwe hawezi kuvuta pindo la kanga ya mama mkwe wake kudai ufunguo. Wangapi wamelazwa kwa nguvu pale wakiwa na haraka zao? Tulikuwa tunacheka wote. Nilijua Omary akiingia pale simwoni mpaka Alhamisi.

Nilikuwa nimepika samaki wetu wa migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Nilikuwa nimejifukiza udi. Nikamwambia: "Ukiingia kwa mama ndiyo umelala huko. Pita tu, mume wangu, chakula kimeiva."

Akacheka kidogo, akasema haya. Maneno hayo hakuna aliyeyajua ila mimi na yeye, na sasa wewe.

Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Aliliona gari, akalijua, akanyanyua mkono. Omary akainamisha kichwa nyuma ya usukani kama mtoto aliyetoroka madrasa, akapita. Saa tisa, jua linawaka, barabara nyeupe haina mtu, kabla ya kufika Makere, gari likatoka njiani. Aliyeliona ni mtu mmoja wa kijiji cha Kitanga, Sylvesta, aliyekuwa na baiskeli yake ya mihogo. Alikuja mwenyewe matangani kunieleza. Alisema gari halikuyumba wala halikupiga breki, lilikwenda pembeni polepole kama mtu aliyeamua kuingia shambani kwake, mpaka kwenye kalavati.

Ulipokuja ulimkuta Omary ameshafunikwa, hukujua kwamba siku mbili za hospitali alikuwa akizungumza. Aliniambia, "Nilipita kwa mama nikainama. Baada ya hapo sina ninachokumbuka." Hakunilaumu. Aliniuliza kile chakula nilikifanya nini, nikamwambia nimekiweka, utakula ukitoka. Nilikuwa nimeshakigawa kwa watu waliokuja kunishika. Siku ya tatu asubuhi akaondoka, akiwa anaamini migebuka yake ipo.

Namtamani, Lukmani. Sijui neno jingine. Alikuwa na desturi ya kupiga honi mara mbili akifika kona ya kituo cha mafuta, nami naacha mteja na mita yake mkononi. Hata leo gari lolote likipiga mbili pale mkono wangu unakwenda kwenye mtandio wenyewe, kuuweka sawa. Mwaka mzima mkono haujajifunza.

Lakini langu nitalibeba. Kinachoniua ni mama.

Tangu siku ile mama hajashika ufunguo wa mtu. Watu wakisimama kwake anawapa maji ya kunywa hapohapo nje, kisha anawaambia nendeni, msije mkachelewa. Wakikaa anakuwa na wasiwasi. Nilidhani ni uzee. Jumatano hiyo niliyokwenda, tulikuwa tunachambua maharage, gari la binamu yetu likasimama, akamharakisha mpaka akaondoka bila kumaliza maji yake. Nikamwuliza, mama, una nini siku hizi? Akasema bila kuniangalia: "Mwanangu, ningekuwa sishiki funguo za watu, Omary angesimama."

Anaamini Omary alimkimbia yeye. Anaamini ukarimu wake ndio uliomuua mkwe wake, na ameutupa, mwanamke ambaye Kibondo nzima wanamjua kwa kulaza wageni. Na mimi, binti yake, niliyemwambia Omary apite, niliinamisha kichwa nikaendelea kuokota mawe kwenye maharage. Mwaka mzima nimemwacha mama yangu abebe mzigo wangu. Sijui unaniona mtu wa aina gani sasa, lakini bora unione hivyo kuliko nikuzike nawe.

Kwa hiyo sikiliza, na usinibishie kwa sababu mimi ndiye niliyekubeba mgongoni.

Ndoa nimeisogeza. Haitafungwa Ijumaa, itafungwa Jumapili tarehe 31, baada ya alasiri. Wakwe walishangaa, tukazungumza, wakakubali. Kadi zilikuwa zimeshachapishwa, basi Firdausi amekaa anakata Ijumaa kwa kalamu anaandika Jumapili, kadi moja baada ya nyingine, na hajanung'unika. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa shauri. Alisema, "Baba alikuwa anatuwahi sisi. Mjomba asituwahi."

Ondoka Alhamisi kama ulivyopanga, lakini lala Morogoro. Ijumaa njoo mpaka Singida, ukale kuku wao wanaosifiwa, ulale. Jumamosi alasiri utakuwa Kibondo. Uje na Tunu na watoto, njiani mpokezane usukani naye, leseni anayo na anaendesha vizuri kuliko wewe, usijifanye huoni. Kila saa mbili mshuke, wote, hata watoto, muutembeze huo mguu wako. Simu izime. Mimi sitakupigia hata mara moja, nimeapa, na nimewaambia wote hapa kwamba atakayempigia Lukmani kumwuliza amefika wapi hataonja pilau yangu. Na siku ukifika, yule wa kwanza kukuuliza umetumia saa ngapi nitamtoa nje ya uwanja, hata akiwa baba mdogo.

Mimi utanikuta Kibondo. Ndiyo, mama wa bibi arusi, siku moja kabla ya arusi, masufuria nimeyaachia wenzangu. Wanasema nimerukwa na akili, waache waseme. Nitakwenda Ijumaa, nilale na mama, nimwambie nilichokuandikia. Sijui atanipokea vipi. Pengine mtatukuta hatusemezani. Pengine mtamkuta ameondoka kwenda kwenye maharage yake, na mimi niko peke yangu barazani na uso umevimba.

Msalimie sana wifi yangu Tunu, mwambie kitenge hiki ashone gauni la mikono mipana, ndiyo inayovaliwa huku sasa. Wabusu watoto wote, na yule mtafunaji mwambie vidole vya shangazi vinamngoja. Shangazi Asmahani hapo Tanga mpelekee salamu zangu na umwombee radhi kwamba sijamwandikia. Firdausi anakusalimu, na Mzee Haidari naye anakusalimu, amesema atakuwekea chupa ya asali ikiwa utakuja kwa utaratibu. Mungu awafungulie njia na aulinde usingizi wenu kila mtakapolala.

Neno la mwisho. Ukiingia uani kwa mama, utamwona anasimama, anataka kukuambia pita mwanangu, usije ukachelewa. Usimwache amalize. Usiulize lolote, hata ukitukuta tunalia. Mwamkie, mshike mkono, umtilie ufunguo wa gari kiganjani kabla hajauomba, kisha uingie ndani ukalale.

Mimi nitakuwa nimekaa palepale, nautazama mkono wake. Akikurudishia, nitajua bado. Akiufunga kwenye pindo la kanga, nitakwenda kushika kuku.

Ni mimi, dada yako nikupendaye, nisiye na haraka nawe,

Shadia